Maji ya chumvi yanawasha balbu, ya sukari hayawashi, kwa nini?

Wakuu, leo maabara tumeunga betri na kibalbu, kwenye maji ya chumvi kikawaka, kwenye sukari kimya kabisa na zote zimeyeyuka vizuri tu, hapo imekaaje?

— Mkuu kuyeyuka sio ishu. Chumvi ikiingia kwenye maji inaachana, Na+ (sodiamu) huku Cl- (kloridi) kule, hizo ioni, yaani chembe zenye chaji, ndo zinatembea zikibeba umeme, sukari inabaki molekuli nzima nzima haina chaji yoyote, sasa nani abebe umeme?

— Jaribu na siki, kitawaka kwa mbaaali au kisiwake kabisa, maana molekuli chache sana ndo zinaachana.

— Kwa hiyo chumvi kavu nayo inapitisha?

— Haipitishi, ioni zimebanana hazisogei. Iyeyushe kwa moto, kama 801°C hivi, hapo inapitisha hata bila maji.