Bendi kongwe za roki: ziendelee kupanda jukwaani au zituachie kumbukumbu?

Mtoa hoja

Ndugu wachangiaji, ninaleta mbele yenu hoja ambayo huwagawa wapenzi wa muziki wa roki kila inapotangazwa ziara ya bendi iliyovuma miaka thelathini au arobaini iliyopita. Wapo wanaosema kwamba wanamuziki waliozeeka wastaafu kwa heshima, kwa kuwa sauti zimechoka, wenzao wamefariki au wamekosana nao, na kinachobaki jukwaani ni jina tu linalouzwa kwa bei kubwa. Wapo pia wanaosema kwamba msanii hapangiwi umri wa kustaafu, hivyo anayetaka kumwona na aende, na asiyetaka abaki na rekodi zake. Mimi nimo upande huu wa pili, lakini kwa sharti moja ambalo naliona zito kuliko suala zima la uzee.

Nianze na yaliyonipata. Nikiwa na umri wa miaka 19 niliiona bendi niliyoipenda kuliko zote, nikiwa nimebanwa karibu na jukwaa kiasi kwamba kila pigo la ngoma kuu nililisikia kifuani kabla ya kulisikia masikioni. Miaka 34 baadaye nikanunua tiketi ya kuiona tena. Mpiga gitaa, ambaye zamani hakutulia hata kidogo, alisimama mahali pamoja usiku mzima, na kati ya wimbo na wimbo alikuwa akikunja na kukunjua vidole vya mkono wa kushoto kama mtu anayefukuza ganzi. Wimbo uliowapa umaarufu waliupiga kwa sauti nzito kuliko ilivyo katika rekodi, na walipofika pale ambapo mwimbaji alizoea kupaza sauti mpaka mwisho wa uwezo wake, hakujaribu. Alirudi nyuma hatua moja, akatuelekezea kipaza sauti, nasi tukaimba badala yake.

Sauti ile niliisubiri kwa miaka 34 na haikuja, na wala sikujuta. Beti za wimbo huo huo, ambazo akiwa kijana alizikimbiza ili afike haraka kwenye kiitikio, safari hii aliziimba taratibu, neno kwa neno, na maneno ya kuagana ambayo nikiwa na miaka 19 niliyaimba bila kuyajua maana yakanifikia kutoka kwa mtu ambaye ameagana na wengi. Hakuna rekodi niliyo nayo inayonipa hicho.

Mwaka huo huo nilikwenda kuiona bendi nyingine ya rika lile lile, ambayo sitaitaja jina. Kila kitu kilisikika sawasawa na ilivyo katika albamu, na kwa dakika ishirini nilistaajabu jinsi mwimbaji alivyojitunza. Katika kiitikio cha wimbo wa tano akateremsha kipaza sauti hadi usawa wa tumbo ili ajifute jasho, na sauti yake ikaendelea kuimba. Waliokuwa karibu nami walitazamana, kisha wakaendelea kupiga makofi. Mimi niliondoka kabla ya onyesho kwisha, nikiwa na uchungu ambao mpaka leo haujanitoka, kwa sababu nilikuwa tayari kumsamehe mtu yule kila kitu ambacho umri umemnyang'anya, naye hakunipa hata nafasi ya kumsamehe.

Sharti langu, basi, ni hili: tunachokisikia kitoke kwa watu tunaowaona, na mnunuzi wa tiketi aelezwe kabla ya kulipa ni akina nani watakaopanda jukwaani.

Kuzeeka kwa sauti si aibu wala si uzembe. Nyuzi za sauti ni misuli iliyofunikwa na utando laini, na kadiri miaka inavyokwenda misuli hiyo hupungua, utando hupoteza mnepo wake, na mapafu hayasukumi pumzi kwa nguvu ileile. Kwa hiyo sauti za juu ndizo mara nyingi zinazotoroka kwanza. Bendi yenye busara hushusha wimbo mzima kwa nusu hatua au hatua kamili ya ngazi ya sauti, wapiga magitaa wakalegeza nyuzi zao, na mwimbaji akapata njia mpya ya kupita. Huo ni ufundi, na mtu anayesikiliza kwa makini huufurahia.

Mfano ninaourudia mara kwa mara ni Phil Collins. Katika ziara ya mwisho ya bendi yake, Genesis, iliyofungwa London tarehe 26 Machi 2022, mtu ambaye ulimwengu ulimjua kwanza kama mpiga ngoma aliimba akiwa ameketi kwenye kiti, na ngoma zikapigwa na mwanawe, Nic. Hakuna aliyedanganywa. Tarehe 5 Julai 2025 ikawa zamu ya bendi ya Black Sabbath, waliorudi Birmingham, mji walikoanzia, na kwa mara ya kwanza tangu 2005 waasisi wote wanne wakapiga pamoja katika uwanja wa Villa Park. Mwimbaji wao, Ozzy Osbourne, mwenye miaka 76 na ugonjwa wa Parkinson, aliimba akiwa ameketi kwenye kiti cha enzi, mara sauti ikishika, mara ikiteleza. Siku 17 baadaye akafariki dunia. Ningependa anayedai kwamba wazee wale wangebaki nyumbani aniambie waziwazi ni nani ambaye angefaidika.

Kuhusu wanabendi waliobadilika, naona jambo ni kusema ukweli tu. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946, alifariki mwaka 1991, na mpiga besi wao, John Deacon, akajiondoa katika muziki miaka michache baadaye. Wawili waliobaki, Brian May na Roger Taylor, walipoanza kuzunguka na mwimbaji mpya, jina lake waliliweka katika tangazo lenyewe: Queen na Adam Lambert. Msomaji wa tangazo hilo anajua anachokinunua.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mtoa hoja, nimekusoma kwa makini na nimeguswa na habari ya kipaza sauti, lakini naona umechagua mifano inayokufaa. Waangalie bendi ya Led Zeppelin. Mpiga ngoma wao, John Bonham, alifariki Septemba 1980, na kabla mwaka haujaisha wenzake wakatangaza kwamba hawawezi kuendelea. Miaka 27 baadaye, tarehe 10 Desemba 2007, walipiga onyesho moja kamili London, Jason Bonham akiwa amekalia kiti cha baba yake, kisha mwimbaji wao, Robert Plant, akakataa kufanya ziara ingawa fedha zilikuwapo za kumwaga. Nalo kundi la R.E.M. lilivunjika mwaka 2011 kwa hiari na halijafanya ziara tena. Hao ndio walioheshimu walichokijenga.

Wengine wamegeuza kuaga kuwa biashara. Kiss walifanya ziara ya kuaga mwaka 2000, kisha wakaendelea mpaka onyesho la mwisho la New York la tarehe 2 Desemba 2023, na usiku huohuo wakaonyesha vivuli vyao vya kidijitali vitakavyopanda jukwaani badala yao. Mötley Crüe walitia saini hati ya kuacha ziara mbele ya waandishi wa habari mwaka 2014, wakapiga onyesho la kufunga usiku wa mwisho wa mwaka 2015, na ilipofika 2022 walikuwa wamerudi viwanjani. Mtu aliyejinyima ili awahi onyesho la mwisho ameuziwa nini hasa?

Tena kuna suala la bei. Tiketi za kurudi kwa bendi ya Oasis zilipoanza kuuzwa tarehe 31 Agosti 2024, watu walikaa kwenye foleni ya mtandaoni kwa saa nyingi, na walipofika mbele baadhi yao wakakuta tiketi ya kusimama iliyotangazwa kwa takriban pauni 150 imepanda na kupita pauni 350. Kumbukumbu za ujana wetu zimekuwa machimbo, na wachimbaji wanajua kwamba hatuwezi kukataa.

Mchangiaji wa pili

Nimefanya kazi ya kuchanganya sauti katika matamasha kwa miaka mingi, nami naomba kuongeza neno moja, kwa kuwa sharti la mtoa hoja ni gumu kutekeleza kuliko anavyodhani. Sauti iliyorekodiwa mapema, ambayo sisi huiita pleibeki, haiko pande mbili tu, ya uongo na ya kweli. Albamu ina vinanda vinne, kwaya na zeze ishirini. Bendi ina watu watano. Mara nyingi mpiga ngoma huvaa vipokea sauti masikioni, husikia mdundo wa saa unaomwongoza, na kompyuta huleta vile vinanda na kwaya kwa wakati wake. Bendi changa hufanya hivyo pia, pengine kuliko wazee. Vilevile zipo nyimbo ambazo mwimbaji huimba kweli, na chini ya sauti yake imelazwa sauti nyingine nyembamba ya kumshikilia pale anapoyumba. Je, huyo naye ni mwongo?

Nasema hivyo bila kumtetea yule aliyejifuta jasho. Mimi pia nimewahi kumhudumia mtu wa namna yake, na hata sisi tuliokaa kwenye meza ya mitambo tulikuwa tukiona haya.

Mtoa hoja anajibu

Nawashukuru nyote wawili. Nianze na fundi, kwa kuwa amenirekebisha na nakubali. Vinanda na kwaya nisingevigombania; hakuna anayekwenda kwenye onyesho la roki kutazama zeze ishirini. Mpaka wangu nauweka kwenye sauti ya mwimbaji kiongozi na mikono ya wale ambao majina yao yamo kwenye tangazo. Sauti nyembamba iliyolazwa chini ya sauti halisi bado inanisumbua, na nimeiwaza kwa siku mbili kabla ya kuandika haya. Nadhani ningependelea mwimbaji ayumbe. Kuyumba kwake ndiko kunakoniambia kwamba yupo.

Sasa kwako ndugu mchangiaji wa kwanza. Uamuzi wa Robert Plant nauheshimu, na wa R.E.M. zaidi, kwa sababu anayejua kwamba wimbo umemtoka halazimiki kuuimba. Lakini usiku ule wa London uliusifu wewe mwenyewe, na maombi ya tiketi yaliyopokelewa yanakadiriwa kufika milioni 20 kwa ukumbi usioweza kuchukua hata watu elfu 25. Ukiwauliza mamilioni waliokosa, sidhani kama watakwambia kwamba waliheshimiwa. Unapozungumzia kulinda kumbukumbu, mara nyingi kumbukumbu inayolindwa ni ya wale waliobahatika kuwapo zamani. Kijana aliyezaliwa baada ya bendi kuvunjika hana cha kulindiwa. Ana rekodi, na ana hamu.

Kuhusu kuaga kwa uongo tuko pamoja kabisa, na sina la kuongeza ila kwamba ni udanganyifu wa jamaa moja na ule wa kipaza sauti. Kuhusu bei nako nakubali kwamba tiketi isibadilike bei wakati mnunuzi yumo kwenye foleni. Hata hivyo, tusijifanye kwamba wanamuziki peke yao ndio walioligeuza jambo hili kuwa biashara kubwa. Sisi tuliacha kununua albamu, tukahamia kwenye huduma za mtandaoni zinazomlipa msanii sehemu ndogo sana ya senti kila wimbo unaposikilizwa, na ziara ndiyo iliyobaki kuwa tegemeo la wengi wao.

Kuna mfano mmoja ambao hukuutaja na ambao unanipa tabu kuliko yote uliyoyataja, nami sitauficha kwa kuwa tu unaidhoofisha hoja yangu. Lynyrd Skynyrd walimpoteza mwimbaji wao, Ronnie Van Zant, katika ajali ya ndege ya mwaka 1977. Miaka kumi baadaye bendi ilirudi, mdogo wake Johnny akiimba. Gary Rossington, wa mwisho kati ya waasisi, alifariki Machi 2023, na bendi bado inazunguka. Kwa hiyo sasa tuna jina lisilokuwa na hata mmoja wa walioliunda. Kwa sharti langu wanafaulu, maana wanapiga kweli na kila mtu anajua waliopo. Bado moyo wangu unasita. Labda bendi inaweza kurithiwa kama ngoma za ukoo zinavyorithiwa, mkono kwa mkono, na anayepiga leo alifundishwa na aliyepiga jana. Labda pia kuna siku ambapo jina linapaswa kubadilishwa. Ningependa kusikia maoni ya wengine juu ya hilo, hasa waliowahi kuwaona kabla na baada.

Kwa upande wangu, bendi ile ya ujana wangu imetangaza ziara nyingine. Tangazo limeorodhesha majina ya watakaopanda jukwaani, wawili wa tangu mwanzo na watatu wapya, na chini yake imeandikwa kwamba mpiga gitaa atapiga nusu ya nyimbo tu kwa sababu ya mikono yake. Nimeshanunua tiketi mbili, moja yangu na moja ya binti yangu, ambaye ana miaka 19.