Mbwa wa miezi 9 anatafuna kila kitu: dawa chungu, kizimba au midoli, kipi kinasaidia kweli?

MamaChui
Jamani naombeni ushauri. Mbwa wangu anaitwa Chui, ni dume, katimiza miezi tisa, alikuwa mtulivu kabisa mpaka kama mwezi na nusu nyuma ndo akabadilika, saa hizi keshatafuna kona ya kochi, rimoti, chaja ya simu (haikuwa imechomekwa, namshukuru Mungu) na jana kaanza mguu wa meza. Nilidhani ni meno yanaota ila nimemwangalia mdomoni ya ukubwani yote yapo. Njia ninazosikia ni tatu: dawa chungu ya kupuliza, kizimba cha kumfungia nikitoka, au midoli ya kutafuna. Mume wangu anataka kizimba, mi roho inasita. Nani kajaribu zote aniambie tofauti?

popi_na_tola
Pole sana mama Chui, nimepitia hapo mara mbili. Kwanza usishangae meno kuwa yameisha kuota. Ya utoto ni 28, yanang'oka kuanzia kama miezi minne na kufikia miezi sita saba hivi anakuwa na ya ukubwani 42, ila hamu ya kutafuna haiishi hapo. Sasa ana taya la mtu mzima na akili bado ya kitoto, na hali hiyo inaweza kwenda mpaka mwaka na nusu, hawa wa maumbo makubwa hata miaka miwili.
Dawa chungu: Popi alinusa akakimbia, Tola aliilamba kama hakuna kitu. Na hata kwa Popi ilibidi nipulize kila siku maana inaisha nguvu, afu ikalinda mguu wa meza tu, yeye akahamia kwenye fremu ya mlango. Haiondoi hamu, inaihamisha. Jaribu kwanza sehemu iliyojificha isije ikaacha doa kwenye kochi.

Mlezi_wa_Wanne
Mi niko upande wa kizimba, ila sio cha kununua leo na kumfungia kesho. Wangu nilimzoesha karibu wiki tatu, mlango wazi, chakula chake nakiweka humo humo, anaingia na kutoka mwenyewe, ndo nikaanza kufunga dakika mbili, tano, kumi. Sasa hivi akichoka anaenda kulala bila kuambiwa. Usikitumie kumwadhibu hata siku moja, na kwa umri wake usivuke masaa manne hivi. Ukiondoka kutwa nzima kizimba sio jibu, bora umwachie chumba kimoja kisicho na vitu vya kuharibu, uweke kigeti cha watoto.

juma_k
Mbona mnazunguka sana, mshike, mwonyeshe alichotafuna, mchape kidogo ataelewa. Wetu aliacha.

popi_na_tola
Juma hapana kaka. Umerudi saa kumi, kochi alilitafuna saa nne, yeye hawezi kuunganisha hayo mawili. Anachojifunza ni kwamba ukiingia mlangoni kuna hatari. Ile kuinama na kukwepa macho wengi tunaiita hatia lakini ni woga. Ukimkuta anatafuna hapo hapo, mbadilishie, mpe kitu kingine kizuri zaidi achie mwenyewe. Na usimkimbize, ukimkimbiza tayari ni mchezo, kesho atakuibia kiatu ili mkimbizane.

daktari_mtarajiwa
Kabla ya kuchagua chochote mama Chui, weka simu ya zamani irekodi ukitoka. Hili nasema kwa uchungu maana sikulifanya mapema. Wa kwangu alikuwa na hofu ya kubaki peke yake, mi nikaona utundu nikamfungia kwenye kizimba, akang'ata nondo mpaka akavunja jino la chonge. Dalili ni hizi: anaanza muda mfupi tu baada ya wewe kutoka, anashambulia milango na madirisha, anahema, anatoka udenda, analia, na mkiwepo nyumbani hagusi kitu. Ukiona hivyo sahau kizimba na dawa chungu, nenda kwa daktari wa mifugo.

Kuhusu midoli: chagua mdoli wa raba ngumu kiasi, bonyeza na ukucha wa dole gumba, kama ukucha hauzami hata kidogo ni kigumu mno kwa meno. Pembe za wanyama na mifupa mikavu inapasua yale meno makubwa ya nyuma juu, na mifupa iliyopikwa inavunjika vipande vyenye ncha vinavyochoma tumbo, usimpe kabisa. Kiwe kikubwa asiweze kukimeza. Ukijaza siagi ya karanga ndani ya mdoli wenye tundu soma kopo kwanza, yenye zailitoli (xylitol, kitamu kinachowekwa badala ya sukari) ni sumu kwa mbwa hata kidogo. Viatu vikuukuu pia acha kumpa, hawezi kujua kipi kikuukuu na kipi cha kazini. Na akimeza soksi au kitambaa, afu akaanza kutapika na kukataa kula, ni siku hiyo hiyo kwa daktari.

MamaChui
Nimerudi baada ya siku tano. Nimerekodi mara tatu. Nikitoka analala karibu masaa mawili, tulii, ndo anaamka anajinyoosha anazunguka nyumba, anakuta hakuna la kufanya anaanza kochi. Hakuna kulia wala kugusa mlango, ni kukosa shughuli na nguvu zimemjaa. Nimeweka kigeti abaki jikoni, asubuhi tunatembea nusu saa na namwacha anuse kila kichaka badala ya kumvuta, afu naondoka nikimwachia raba niliyojaza chakula chake na kugandisha usiku kucha. Jana ilimchukua dakika 40 kuimaliza. Midoli mingine minne nimeigawa, anapata miwili kwa siku, kesho nabadilisha, kwa hiyo kila siku inakuwa mipya kwake. Mguu wa meza umepona, ila leo kaparua zulia la jikoni.

Mlezi_wa_Wanne
Toa zulia kwa miezi michache. Hiyo raba usimpe unapotoka, mpe karibu na muda anaoamka, kama kuna mtu wa kupita hapo nyumbani. Hakuna jirani?

MamaChui
Kuna binti wa jirani anampenda sana. Naongea na mama yake leo jioni.