Tupeane uzoefu: kitu gani cha kazi ya mikono kimebeba habari za ukoo wenu?

Ndugu zangu, naanza mimi. Nina kigoda alichochonga babu mzaa mama. Mguu mmoja una kovu la tezo. Tulivyosimuliwa, babu alikuwa anachonga alipoletewa habari kwamba mama yangu kazaliwa, mkono ukateleza. Hakulisawazisha kovu lile. Wajukuu tumekua tukilipapasa kwanza ndipo tukae. Juzi mwanangu kaniuliza, "Mbona hiki kimeharibika?" Nikaishiwa maneno. Miaka yote kigoda kipo sebuleni na sijamwambia kitu. Nyie mnahifadhije? Semeni na mlipokosea.

—

Sisi tulikosea. Bibi alishona mkeka wenye ukili (utepe uliosukwa kwa miyaa) wa rangi yake kwa kila mjukuu. Alipofariki tukautundika ukutani kama pambo, mkabala na dirisha, na jua likala rangi zote. Ukili upi wa nani, hakuna aliyejua. Nililia. Baadaye shangazi akasema tuugeuze, na kweli, upande uliokuwa umelalia ukuta rangi bado zipo! Tulikaa naye chini, yeye anataja majina, mimi naandika kwenye daftari, ukili baada ya ukili. Sasa tunautandika siku tukikutana, kisha tunauviringisha. Tusiukunje, miyaa ikikauka inakatika kwenye mkunjo.

—

Mimi ni seremala. Nawaomba sana, msikimbilie msasa na vanishi. Kuna mteja aliniletea kiti cha marehemu baba yake, anataka kiwe kipya. Nikamwonyesha mkono mmoja wa kiti ulivyolika kuliko mwingine. Akanyamaza, kisha akasema, "Hapo ndipo alipokuwa anaegemeza kiwiko akisoma." Tuliishia kukifuta vumbi na kupaka mafuta ya kitani, kidogo tu. (Kitambaa chenye mafuta hayo kianikwe wazi mpaka kikauke. Ukikifinyanga na kukitupa pembeni hupata joto chenyewe na kinaweza kushika moto.)

—

Mama aliondoka duniani sweta likiwa limefika kwapani, sindano bado zimo. Nilijifunza kufuma ili nilimalize. Uzi nimebadilisha rangi makusudi, ionekane alipoishia yeye na nilipoanzia mimi. Mafundo yangu yanabana kuliko yake. Nalivaa hivyo hivyo.

—

Nimerudi, mwenye kigoda. Baada ya kuwasoma nilimpelekea mama kigoda, nikawasha kinasa sauti cha simu, mwanangu kakaa pembeni. Kumbe nilichokuwa nakijua si chenyewe. Habari iliyomfikia babu siku ile haikuwa ya kuzaliwa kwa mama. Ilikuwa ya mdogo wake mama, aliyeishi siku tatu. Alikuwa na jina, na mimi sijawahi kulisikia. Mama alilitaja mara mbili, kidole kikiwa juu ya kovu.