Tupeane uzoefu: neno "off" lilikuaibishia wapi?

Wakuu, habari za jioni. Jana mwanangu wa darasa la tano kaniletea daftari la Kiingereza, kauliza, "Baba, off ni nini?" Nikamjibu bila hata kuinua macho kwenye simu: kuzima. Si unaona swichi pale ukutani? On kuwasha, off kuzima. Akarudi mezani.

Dakika mbili hazijapita, huyo tena. "Baba, hapa wameandika The bus set off at six. Basi lilizimika saa kumi na mbili?" Hapana, hapo lilianza safari. "Na He got off at the market?" Alishuka. "Na The alarm went off?" Hapo ndipo nilipoweka simu chini, maana kengele ya hivyo haijazimika, imelia. Mtoto akanitazama kama anavyotazamwa fundi aliyeitwa kutengeneza friji na kuliacha limekufa kabisa. "Sasa baba, ni kuzima au kuwasha?"

Tulikaa hadi saa nne usiku tunaandika kwa penseli: kuvua, kushuka, kuondoka, kuahirisha, kulipuka, kuharibika, kupunguza bei, kupumzika. Ukurasa ukajaa, mama yake akaja kuuliza kama leo hatulali.

Kiingereza nimekisoma tangu shule ya msingi, nimekitumia kazini miaka kumi na minne, na neno hilo sijawahi kulifungulia kamusi hata siku moja. Nani mwingine limemkuta? Naomba visa vyenu wenyewe, si vya "rafiki yangu mmoja".

Soja wa Usiku

Mimi hapa. Doha, mwaka 2019. Mimi ni Mkenya, nilikuwa soja wa ghala fulani, wiki ya kwanza. Saa moja na nusu jioni walikuja watu wa kupakua mizigo, nikazima king'ora kama nilivyoelekezwa, nikasahau kukirudisha. Karibu saa sita usiku supavaiza ananiita kwenye redio: "Has the alarm gone off?"

Nikatazama kisanduku. Taa haiwaki, kimya. Nikaona huyu ananitega, anataka kujua kama nitasema ukweli. Nikasimama wima kabisa, kana kwamba ananiona: "Yes sir! Alarm is off, since nineteen thirty, sir!"

Kule alichosikia ni kwamba king'ora kinalia tangu saa moja na nusu na soja ameketi tu. Zikaja gari mbili za kampuni na moja ya zima moto. Nami kwenye kitabu cha matukio nilikuwa nimeshaandika kwa mwandiko mzuri: Alarm off, all in order. Nilikatwa mshahara wa siku mbili.

Tangu hiyo siku nikiulizwa najibu "Alarm is making noise" au "Alarm is not making noise". Wacha wanicheke.

Chai Rangi

Kwetu ofu ni moja tu: siku ya kutoenda kazini. Mlinzi ana ofu, dada wa kazi ana ofu Jumapili, konda ana ofu gari likiwa gereji. Hayo mengine sikujua yapo.

Mwana wa Ngalawa

Mimi nilikuwa mhudumu kwenye mkahawa wa hoteli huko Nungwi. Meneja wetu Muingereza alitufundisha: chakula kikiisha, usimwambie mgeni "finished", mwambie "it's off". Mpishi akifuta jina kwenye ubao, kile kitu ni off. Nikalishika kama aya ya msahafu.

Siku moja kaja bibi mmoja wa Kiingereza na mumewe. Kaagiza kamba. Kaonja mmoja, kaweka uma chini taratibu, kaniita kwa kidole: "I'm afraid these prawns are off."

Mimi huyo, meno yote nje. "No madam, not off! We have plenty!" Mbio jikoni, nikamletea sahani ya pili, tena imejaa kuliko ya kwanza, na ndimu mbili juu.

Bibi akanitazama. "No, dear, they're off." Nami nimeshika moyo: "Madam, I promise you, they are on."

Mumewe alikuwa ameuficha uso kwenye kitambaa cha meza, mabega yanatikisika. Mwisho akanyanyuka, akabana pua kwa vidole viwili, akaionesha sahani. Ndipo nikaelewa. Off ya ubaoni ni kitu kimekwisha, na off ya mdomoni mwa mgeni ni kitu kimeoza. Kamba wale wale.

Pweza Mkavu

Hahaha! Na ile sahani ya pili iliishia wapi?

Nesi wa Zamu

Mkishamaliza na kamba njooni huku wodini. Mimi ni mwuguzi, nilitoka Kenya kuja Uingereza mwaka 2021, nikapangwa wodi ya wazee. Mtihani wa Kiingereza nilikuwa nimeufaulu na ugonjwa wowote wenye jina la silabi saba ninalijua. Kilichoniangusha kina herufi tatu.

Zamu ya kwanza tunakabidhiwa wagonjwa, yule dada anasoma haraka haraka: "Bed six, eighty-four, off legs since Tuesday, off her food, bit off-colour." Mimi kwenye karatasi yangu nikaandika: hana miguu, tangu Jumanne. Nikajiuliza, amekatwa Jumanne, leo Alhamisi, na hakuna hata mmoja anayezungumzia kidonda? Wazungu wana roho gani? Nikapanga troli yangu vizuri, pamba, bandeji, mkasi, glavu, nikaisukuma hadi kitanda cha sita, nikajitambulisha, nikafunua blanketi kwa upole.

Miguu miwili. Soksi za kijani. Nikavua na soksi, vidole kumi. Bibi akainua miwani, akaniuliza, "Lost something, love?"

Kumbe "off legs" ni mzee aliyekuwa akitembea mwenyewe, ghafla hawezi kusimama. Huku wanaiandika hata kwenye faili. Mara nyingi ukitafuta chanzo unakuta maambukizi ya mkojo au ya kifua, au dawa mpya aliyoanzishwa. "Off her food" ni hamu ya kula imemtoka. Na "off-colour" haihusu rangi kabisa, ni kujisikia hovyo hovyo tu. Mimi rangi nilishaichunguza, hadi ndani ya kope.

Hiyo ilikuwa ndogo. Sista wa wodi akaniambia, "Check the off-duty," imebandikwa jikoni. Nikaenda. Jina langu lina alama Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Karatasi inaitwa off-duty, nina alama siku tatu, basi nina ofu siku tatu, tena wikendi! Nikasema nchi hii ina huruma. Nikakata tiketi ya treni kwenda kwa binamu yangu. Ijumaa saa mbili usiku, niko jikoni kwake nasonga ugali, simu inalia: uko wapi? Manesi wa huku ratiba nzima ya zamu wanaiita off-duty. Zile alama zilikuwa zamu zangu za usiku. Mwiko ulinianguka.

Na kuna ile iliyonitoa machozi kweli. Mzee mmoja ana Parkinson, mwenzangu ananiambia kwenye korido, "He's off, poor thing." Nikajua amefariki. Nikaingia nimeshajiandaa, nakuta macho yanazunguka, yu hai, ila mwili umeganda kama mti. Wagonjwa wa Parkinson dawa ikipungua nguvu mwilini wanakuwa "off", hata kujigeuza kitandani hawawezi. Wakipata dozi na ikaanza kufanya kazi wanarudi kuwa "on". Ndiyo maana dawa zao hazicheleweshwi. Yule mzee baadaye kidogo aliomba chai.

Chai Rangi

Dada pole, lakini hapo kwenye soksi nimeshindwa kuvumilia. Niko kwenye daladala na watu wananiangalia.

Spea za Mkono wa Pili

Wakati naanza kuagiza spea za Land Rover kutoka Uingereza, nilitumiwa orodha: headlamp O/S, headlamp N/S. Nikajua O/S ni out of stock, kwa hiyo nikachukua N/S zote kumi na mbili. Zimefika dukani Gerezani, Dar, nafungua maboksi, taa zote za kushoto. Kumi na mbili!

O/S ni offside, upande wa dereva. N/S ni nearside, sisi tunaita upande wa tingo. Mzee mmoja wa huko alinieleza kwamba ni mambo ya farasi: unampanda kwa kushoto, basi kushoto ni karibu, na kulia ndiko mbali. Farasi wameondoka barabarani, maneno yakabaki kwenye magari. Nina taa tatu za kushoto hadi leo, mwenye kuhitaji aseme.

Pweza Mkavu

Kwa hiyo ofsaidi ya mpira nayo ni upande wa dereva?

Spea za Mkono wa Pili

Hapana bwana. Ile ni kuwa mahali usipotakiwa kuwa. Watangazaji wetu wanasema ameotea, na mimi naona wamewashinda Waingereza wenyewe hapo. Zamani ilikuwa ngumu zaidi, mshambuliaji alitakiwa kuwa na wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli. Mwaka 1925 wakapunguza wakawa wawili.

Msomi Mbahili

London, nikiwa mwanafunzi. Karibu na nilipopanga kulikuwa na duka, juu limeandikwa kwa herufi kubwa OFF LICENCE. Nikasema hawa wamefungiwa leseni na bado wanauza, tena wamejitangaza! Wiki mbili nikawa navuka barabara kwenda kununua maziwa mbali, nisije nikakutwa ndani siku ya msako. Kumbe ni leseni ya kuuza pombe unayokwenda kuinywea kwingine, si pale dukani. Mwenye duka alikuwa Mgujarati wa kutoka Kampala, anaongea Kiswahili safi kuliko mimi. Nilipomweleza alicheka mpaka akaketi juu ya kreti.

Mtoto wa Bukavu

Mimi Kiingereza nilikutana nacho nikiwa mtu mzima, Kifaransa ndicho tulisoma. Tulifika Texas kama wakimbizi, nikapata kazi ya ghala. Neno la kwanza wenzangu walinifundisha kuogopa ni "laid off", yaani umetolewa kazini. Siku ya tano hivi, patron anapita, ananipiga begani, anacheka: "You're off tomorrow!"

Nikasema ndiyo basi. Na anacheka! Nikarudisha glavu, nikampa kila mtu mkono wa kwaheri, nao wananishangaa. Nyumbani nikamwambia mama watoto, kazi imekwisha, tuanze kupunguza nyama. Kesho yake nikalala ndani, ambayo ilikuwa sawasawa kabisa, ilikuwa siku yangu ya konji. Kesho kutwa nikalala tena. Hiyo haikuwa sawa. Wakanipigia simu saa mbili asubuhi: unaumwa?

Ningeambiwa tu "congé" ningekaa na furaha yangu.

Chaki na Vumbi

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza. Kila mwaka nasahihisha "a cup off tea" na "he fell of the tree" hadi wino unaisha. Lakini nawaonea huruma, kwa sababu of na off ni mapacha. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa neno moja. Lilipotamkwa kwa mkazo likaelekea kuwa off, na mpaka karne ya 17 ndipo yakatengana kabisa. Maana yake ya asili ni kutoka, kuwa mbali na kitu. Ukiishika hiyo, kushuka, kuvua, kuondoka na kupunguza bei zote zinakaa. Hata king'ora: kilikuwa kimezuiwa, kimeachiwa.

Mzee wa Daftari (mwenye mada)

Mwalimu, na maziwa yakiharibika, nayo si ni off?

Chaki na Vumbi

Yametoka kwenye hali yake.

Soja wa Usiku

Hapo unalazimisha, mwalimu.

Chaki na Vumbi

Nalazimisha kidogo, nakubali. Ila na sisi tusiwaseme sana. Likizo huwa nafundisha Kiswahili kwa wageni. Mjerumani mmoja aliniuliza kwa nini tunapiga kila kitu: tunapiga simu, pasi, picha, mswaki, deki, kura, magoti, chafya. Nikamwambia zoea tu. Wiki iliyofuata akaja darasani amefurahi, akasimama mbele ya wenzake: "Jana nilimpiga mama yangu saa nzima. Alifurahi sana."

Nesi wa Zamu

Saa nzima! Maskini mama.

Pweza Mkavu

Mwana wa Ngalawa umekimbia swali. Kamba wa sahani ya pili, ndimu mbili juu. Nani alikula?

Mwana wa Ngalawa

Mlikuwa mmeshasahau, kwa nini unakumbusha. Nilikula mimi, nyuma ya jiko, nimesimama. Nilisema wageni wana madeko, kamba gani wa kuoza anayenukia vitunguu thaumu hivi.

Siku mbili zilizofuata nilikuwa ofu.