Kutoka Windows 10 kwenda Linux Mint: printa itakubali?

Mama Kopi: Habari zenu wadau. Nina kijiduka cha kuchapa barua na kutoa kopi, Morogoro. Kompyuta yangu mtumba, RAM GB 4, imekataa Windows 11 kwa kukosa TPM 2.0 (chipu ya usalama), na Windows 10 ndiyo hiyo, msaada wake wa Microsoft ulifikia kikomo Oktoba 14, 2025. Kijana mmoja kanishauri Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Faili za Word za wateja zitafunguka? Na printa je?

Fundi Jirani: Dada, usifute kitu kwanza! Weka Mint kwenye flashi, washia kompyuta humo, chapa karatasi moja. Ikigoma, chomoa, Windows yako ipo palepale. Kwa GB 4 chukua toleo la Xfce, ni jepesi.

Mzee Kibodi: LibreOffice, programu ya ofisi ya Mint, inafungua faili za Word (docx), ila majedwali huchezacheza. Barua za kazi mimi naomba waniletee PDF.

Mama Kopi: Nimejaribu jana usiku. Printa imetema karatasi bila shida, skana ndiyo imenuna. Basi naweka zote mbili, Windows na Mint, maana wenye kuskani vitambulisho ndio wanaonilipia kodi ya fremu.