Mdogo wangu mkimbiaji anadonoa tu chakula na haoni siku zake, nifanyeje?

Dada wa Ngaramtoni
Habari za jioni wakuu. Naombeni ushauri, wenye kejeli wapite tu.

Nina mdogo wangu wa kike, miaka 19, anakimbia mita 5,000 na 10,000. Alionekana UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, akachukuliwa kwenye kambi moja huku Arusha. Mwanzoni alikuwa moto kweli. Halafu kocha akaanza kuwapima uzito kila Jumatatu, wamepanga mstari, kilo zinatajwa kwa sauti wenzao wakisikia. Akaambiwa apungue kidogo. Akapungua, na muda wake ukashuka kweli. Shida ni kwamba hakuishia hapo.

Akija nyumbani sasa ni vituko. Nikipika makande anachambua maharage moja moja, mahindi anayasukuma pembeni, anasema kashiba. Ugali hagusi, chai ya maziwa hataki. Lakini usiku nasikia sufuria zinagongana jikoni, asubuhi kiporo hakuna, na bomba la chooni linaachwa wazi muda mrefu. Anavaa sweta jua la saa nane. Siku zake hajaziona tangu kabla ya Krismasi, na mwenyewe anajibu kwamba wenzake kambini nao hawaoni, eti ndiyo dalili mtu yuko fiti.

Mtaani wameshasema ana ngoma. Kapima, yuko salama. Mimba pia hakuna. Mama anataka aende kuombewa. Na sasa ameanza kuchechemea, ugoko unamuuma. Nisaidieni, mbio ndiyo maisha yake.

Kijiwe Nongwa
Haya magonjwa ya wazungu mnayatoa wapi? Mtu akiona njaa atakula. Msimbembeleze, muone kama hatamaliza sufuria.

Nesi wa Usiku
Kijiwe, soma vizuri. Sufuria anamaliza, na ndipo penye kunitisha mimi.

Dada, pole sana. Mimi ni muuguzi ila mgonjwa simwoni, kwa hiyo haya hayachukui nafasi ya daktari. Kujinyima, kisha kula kwa pupa usiku, kisha chooni bomba linafunguliwa: inawezekana anajitapisha na hataki msikie. Kutapika mara kwa mara kunamaliza potasiamu mwilini, na ikishuka sana mapigo ya moyo yanavurugika. Mtu anaweza kuanguka ghafla hata kama kwa macho hajakonda kihivyo. Mtazame mashavu kama yamevimba karibu na masikio, na meno kama yanalika.

Hilo la kukosa hedhi kuwa dalili ya ufiti ni uongo unaozunguka kambi nyingi. Chakula kisipotosha mazoezi pamoja na kazi za ndani ya mwili, mwili unaanza kubana matumizi, na uzazi ni kati ya vitu vya mwanzo kuzimwa. Estrojeni, homoni ya kike, inashuka, mifupa inakosa ulinzi, tena katika umri ambao bado anaijenga. Kwa hiyo hedhi na ugoko usivione kama matatizo mawili tofauti. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hii jina, RED-S, yaani upungufu wa nishati kwa wanamichezo. Wanaume nao wanaipata, kwao homoni ya kiume ndiyo inashuka.

Na msimshindilie chakula kwa nguvu. Aliyejinyima muda mrefu akianza kula sana ghafla, madini kwenye damu, hasa fosfeti, yanaweza kuporomoka akazidiwa. Apimwe kwanza damu na umeme wa moyo. Akizimia, akilalamika kifua au moyo kwenda mbio ovyo, msisubiri kuche.

Mzee wa Lapu 25
Nimekimbia enzi zangu, nawajua makocha wa mizani. Mwambieni huyo binti habari za Mary Cain, Mmarekani. Mwaka 2013, akiwa na miaka 17, alikimbia Mashindano ya Dunia kule Moscow. Mwaka 2019 alijitokeza kwenye New York Times akaeleza jinsi alivyosukumwa kupungua na kupungua: hedhi ilikata miaka mitatu, mifupa mitano ikavunjika. Kipaji kile!

Jambo jingine, hapo nyumbani komesheni salamu zetu hizi za "umekonda" na "umenenepa, umependeza". Sisi tunasifia, yeye kesho hali kabisa. Anzeni na mguu. Ukimwambia "huli" atabisha mpaka asubuhi, ila mguu unaomuuma hawezi kuubishia, na anautaka upone kuliko nyinyi.

Mama Bondia
Msidhani ni wasichana tu. Kijana wangu kabla ya pambano anavaa nailoni anakimbia juani, mate anatema kwenye chupa, ili tu kilo zishuke. Nikisema, naambiwa sijui ngumi.

Dada wa Ngaramtoni
Asanteni sana. Nimeanza na mguu kama alivyosema Mzee, amekubali kwenda hospitali kesho kupiga eksirei. Ila nilipogusia afya ya akili alinikata: "Dada, unaniona chizi wa kupelekwa Mirembe?" Mama amekubali hospitali, maombi yataendelea. Kocha yeye kasema wiki ijayo kuna mashindano, apakwe dawa ya kuchua.

Nesi wa Usiku
Dawa ya kuchua hapana. Mwambie daktari habari ya hedhi na ya chooni, ukiweza mkiwa wawili tu kabla hajaingia, maana yeye atasema mguu pekee. Hilo la Mirembe liache kwa sasa. Daktari wa kawaida aanze, atakayemwamini ndiye atamwelekeza kwa mwanasaikolojia na mtu wa lishe. Binti akiulizia mbio, aambiwe atarudi uwanjani mfupa ukipona na mwili ukishapata chakula cha kutosha, tarehe asipewe.

Na eksirei ikitoka safi, bado asikimbie hayo mashindano. Huenda mfupa wa ugoko umepata ufa mdogo kwa kukimbia, na ufa wa aina hii wiki za mwanzo mara nyingi hauonekani kwenye picha. Kama kuna sehemu moja ya mfupa ukiibonyeza kwa kidole anaruka, ombeni MRI, picha inayoonyesha ndani zaidi kuliko eksirei, au apumzishwe na picha irudiwe baada ya wiki mbili tatu.