Mjadala: Mtu akishakufa anaendelea kujitambua? Mimi nasema wote "waliorudi" walikuwa hawajafa

Wakuu kwema? Hili swali linazuka kila kukiwa na msiba, na hapa Dar misiba haiishi. Mkikaa chini ya turubai usiku wa pili, stori za Simba na Yanga zikikauka, lazima kuna mtu atalianzisha. Marehemu saa hizi anatusikia? Anajijua kwamba yeye ndo fulani na kwamba amekufa? Au fahamu ilizimika pale pale alipokata roho na hakuna tena mtu wa kusikia chochote? Tunabishana mpaka alfajiri afu tunaenda kuzika na jibu hakuna. Naomba tubishane hapa kwa hoja, na naweka msimamo wangu mapema ili mjue mnanipinga wapi.

Simgusi mtu imani yake, mimi mwenyewe nina dini yangu na naswali. Ninachokipinga ni hicho kinachoitwa ushahidi. Kuna klipu zinazunguka kwenye WhatsApp, mtu anahadithia kwamba alikufa, akapelekwa mochwari, akashuka kuzimu akaona watu wanaungua, tena anawataja kwa majina, marehemu ambao watoto wao tunaishi nao mtaani, afu akarudishwa aje atuonye. Watu wanazituma kwa wafiwa! Mimi nasema huyo hakufa. Na hata wale wa hospitali kabisa, waliosimama moyo wakazinduliwa na madaktari, nao hawakufa. Walifika karibu sana, wana mengi ya kutufundisha kuhusu kufa kunavyokuwa, lakini kuhusu baada ya kufa hawana habari yoyote ya kutupa.

Kwa nini nasema hivyo. Wengi tunadhani moyo ukisimama ndo mwisho hapo hapo. Ubongo una uzito wa kama kilo 1.4, ni asilimia 2 hivi ya mwili wa mtu mzima, lakini peke yake unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Moyo ukisimama damu haipandi tena, na ndani ya sekunde 10 mpaka 20 hivi mtu ameshapoteza fahamu na umeme wa ubongo kwenye mashine umelala. Ila seli zenyewe bado zipo hai. Zinaanza kuharibika baada ya dakika kadhaa na zinaendelea kufa kidogo kidogo kwa masaa. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale kule Marekani walichukua ubongo wa nguruwe 32 waliochinjwa, na masaa manne baada ya kifo wakaupitishia majimaji maalum, na baadhi ya kazi za seli zikarudi. Fahamu haikurudi, na humo kwenye majimaji walikuwa wamechanganya dawa za kuzuia neva zisifanye kazi, kwa hiyo mtu asije hapa akasema nguruwe alifufuka. Ninachotaka mkione ni kwamba kati ya moyo kusimama na ubongo kufa kabisa kuna nafasi, na ndani ya hiyo nafasi ndo stori zote za "nilikufa nikarudi" zinatokea. Ndo maana mwaka 1968 kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard ilikaa kuandika vigezo vya kumtambua mtu ambaye ubongo wake umekufa japo mashine bado inampumulia. Aliyefika huko, kwa vipimo vilivyofanywa sawasawa, harudi.

Sasa tuje kwa wenyewe waliozinduliwa, maana hapa pana utamu na sitaki tupapite haraka. Uholanzi daktari wa moyo Pim van Lommel na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 344 waliosimama moyo wakarudishwa, matokeo yakatoka mwaka 2001. Waliosimulia kitu, mwanga, handaki, kukutana na ndugu waliotangulia, kujiona wapo juu ya mwili, walikuwa 62. Watu 282 waliobaki hawakuwa na cha kusimulia. Watu wanapenda kututajia hao 62 tu, mimi nauliza hao 282 walikwenda wapi?

Afu kuna Dk. Sam Parnia, daktari anayewatafiti watu waliosimama moyo, huyu namheshimu sana kwa sababu alitega mtego. Kama kweli roho inatoka na kuelea darini, basi alichofanya yeye na wenzake ni kuweka picha kwenye mashelfu ya juu, kwenye baadhi ya vyumba vya hospitali, zikiangalia dari, uzione tu kama uko juu kweli. Ripoti ya mwaka 2014 ilihusu watu 2,060 waliosimama moyo. Wengi walifariki, waliohojiwa ni 140. Mmoja alieleza kwa usahihi vitu vilivyofanyika chumbani wakati anahudumiwa, na mimi hilo silidharau hata kidogo, linashangaza, lakini alikuwa kwenye chumba kisicho na shelfu. Wakarudia tena kwa utaratibu mkali zaidi, safari hii picha kwenye skrini na sauti kwenye masikio, matokeo mwaka 2023. Watu 567, walionusurika 53, waliohojiwa 28. Aliyeitambua picha hakuna. Aliyeyatambua maneno ya kwenye sauti ni mmoja. Mnaona lakini? Jicho la darini halikuona kitu, sikio lililopo kitandani likasikia.

Na mwaka huo huo 2023 watafiti wa Michigan waliangalia rekodi za wagonjwa wanne waliotolewa kwenye mashine ya kupumulia. Wawili kati yao, baada ya mashine kutolewa, ubongo uliwaka ghafla, yale mawimbi ya kasi yanayoonekana mtu anapokuwa macho na makini yakapanda. Walikuwa wanaona nini? Hatujui, wote walifariki. Hiyo inanigusa sana. Inawezekana kabisa dakika za mwisho za binadamu zina fahamu nzito kuliko tunavyodhani, na mimi niko tayari kuamini hivyo. Lakini ni ubongo ulio hai ndo unafanya hivyo, ukiwa unaelekea kuzimika.

Hoja yangu kubwa ni nusu kaputi. Nani hapa ameshafanyiwa operesheni? Unachomwa sindano, unaambiwa hesabu, hufiki mbali, afu unashtuka wanakwambia tayari. Masaa matatu yamepita na huna hata kumbukumbu ya giza. Usingizini unaota, unajua kwamba muda umepita, kwenye nusu kaputi nzito wewe hukuwepo. Kama dawa kidogo tu kwenye mshipa inatosha kukuondoa kabisa wakati ubongo wako ni mzima, seli zote zipo, inakuwaje ubongo ukishaoza kaburini ndo ujitambue vizuri zaidi, ukumbuke majina, umtambue mjomba?

Kuna mzee mmoja tunabishana naye sana hili, mtu makini, yeye jibu lake ni redio. Anasema redio ikiharibika haina maana kituo kimefungwa, ubongo ni chombo cha kupokelea tu, roho inarusha matangazo kutoka kwingine. Ni hoja nzuri na ndo nzuri kuliko zote nilizowahi kupewa. Ila redio ikiharibika inakwaruza au inanyamaza, haibadilishi taarifa ya habari. Mtu akipata kiharusi sehemu fulani ya ubongo habaki mtu yule yule mwenye kukwaruza. Baba mpole anageuka mkali, mwingine anasahau mke wake, mwingine anapoteza aibu. Utu wenyewe unabadilika. Sasa hapo aliyebadilika ni redio au mtangazaji?

Upande wa dini nitapita haraka maana wapo wajuzi humu. Hata wenye vitabu hawajakubaliana. Wasabato watakusomea Mhubiri 9:5, wafu hawajui neno lo lote, mpaka siku ya ufufuo. Mlokole atakujibu na Luka 16, tajiri na Lazaro, mtu anaongea akiwa motoni. Kwetu Waislamu kuna barzakhi, yale maisha ya kati ya kufa na kufufuliwa, kuna maswali ya kaburini, kuna hadithi kwamba maiti anasikia vishindo vya viatu vya wanaoondoka, na bado masheikh wanavutana kama talkini, yale maneno anayosomewa maiti kaburini, inafaa kusomwa ama la. Marehemu Profesa John Mbiti wa Kenya naye aliandika mwaka 1969 kwamba kwa Waafrika wengi aliyekufa anaendelea kuhesabika maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji klipu ya WhatsApp ili lisimame. Qurani yenyewe, 17:85, inasema roho ni katika mambo ya Mola na tumepewa elimu kidogo tu, kwa hiyo mtu anayekuja na ramani ya kuzimu na orodha ya majina kaitoa wapi?

Na hapa ndo panaponiuma. Kuna mama mtaani kwetu alifiwa na kijana wake kwa ajali ya bodaboda. Alizika, akamaliza arobaini, akaanza kupata nguvu kidogo. Akatokea mtu akamwambia mwanao hajafa, kachukuliwa msukule, anateseka, anakuita, lete hela arudishwe. Yule mama aliuza cherehani. Aliuza na vyombo. Kijana hakurudi kwa sababu yuko kaburini, na mama akafiwa mara ya pili, safari hii bila turubai wala watu wa kukaa naye, na akabaki anamtazama jirani yake mzee kama mchawi. Ndo maana nikisikia mtu anasema "we achana nao, kila mtu aamini anachotaka" nakataa. Imani mtu abaki nayo, ila akianza kuuza uhakika kwa mfiwa tumkatalie hadharani.

Kitu kimoja ambacho nadhani pande zote tunaweza kukifanya hata kesho. Mwaka 2020 ulitoka utafiti wa Vancouver, Kanada, waliwapima wagonjwa mahututi ambao hawaitikii tena, masaa machache kabla ya kufa, na ubongo wa baadhi yao ulikuwa unashtukia mabadiliko ya sauti kama wa watu wazima wenye afya. Kwamba wanaelewa maneno, hilo halikuthibitishwa. Lakini mimi inanitosha. Wazee wetu wanaokaa na mtu kwenye sakarati wakamtamkisha shahada, au wakamuimbia tenzi za kanisani, walikuwa wanafanya jambo la maana. Kwa hiyo tuache ule mchezo wa kusimama kwenye kitanda cha mgonjwa tukagawana nyumba na kuulizana gari la kusafirisha mwili ni shilingi ngapi, eti kwa sababu hajitambui. Mwambie unampenda, muombe radhi saa hiyo hiyo.

Haya, karibuni. Manesi na wauguzi mliokaa wodini na watu wa mwisho mwisho njooni mseme mlichokiona, na mnisahihishe. Ila wewe unayeshikilia hoja ya redio, nijibu kwanza hilo la kiharusi afu tuendelee.